Majarida ya Madaktari na Mizinga ya Bibi

Ndugu msomaji, wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi niliinama karibu mwaka mzima, tena si uvunguni mwa kitanda bali juu ya kioo cha simu, nikitafuta jambo moja tu: kwa nini watu wa kwetu waliondolewa porini. Nilichokipata si kile nilichokitaka, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Chanzo cha yote ni riwaya. Nilipomaliza kidato cha nne hapa Mpanda, wenzangu walitawanyika. Wengine walikwenda machimboni, wengine Dar es Salaam kuuza chochote kinachouzika. Mimi nikajitia wazimu wa kuandika. Bibi yangu mzaa mama ni Mkonongo wa upande wa Inyonga, na tangu utoto nilimsikia akisema kwamba ukoo wake ulihamishwa zamani "kwa sababu ya ndorobo". Basi nikaona hiyo ndiyo hadithi yangu. Sura ya kwanza niliiandika usiku mmoja: mzungu mwenye kofia ngumu anafika kijijini na askari, anachoma nyumba, anacheka, watu wanalia. Nikajiona mwandishi kweli kweli.

Daftari nikampa mshikaji wangu mmoja ambaye ni mwuguzi. Alilisoma siku mbili, akalirudisha, akaniuliza swali moja tu: "Sasa malale yenyewe iko wapi humu?"

Nikakosa jibu. Kurasa ishirini na mbili za riwaya ya malale, na hamna mgonjwa hata mmoja! Sikujua mgonjwa wa malale anaanza vipi, anaumwa wapi, anakufa baada ya muda gani. Nilijua tu kumchukia mzungu wa kofia. Hapo ndipo nilipoanza kuyasaka majarida ya zamani ya madaktari.

MAJINA YALIYOKUFA

Kosa la kwanza lilikuwa la kijinga. Niliandika kwenye simu neno "Katavi" pamoja na jina la ugonjwa kwa Kiingereza, nikategemea mafuriko. Nikapata simba, viboko na matangazo ya watalii.

Kumbe nilikuwa namtafuta mtu kwa jina ambalo alikuwa hajapewa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kutoka ubavuni mwa Rukwa. Rukwa nayo ilizaliwa mwaka 1974, na kabla ya hapo Mpanda ilihesabiwa kuwa ya Tabora. Wakati wa Mwingereza huku kote kuliitwa Jimbo la Magharibi. Hata mji wenyewe wa Mpanda ulikua kwa sababu ya machimbo ya madini ya risasi na reli ya kutoka Kaliua, mambo ya mwishoni mwa miaka ya 1940. Daktari aliyeandika mwaka 1925 angeandikaje Mpanda mjini? Katavi kwake lilikuwa jina la ziwa dogo, na kwa wenyeji jina la mzimu anayeheshimiwa chini ya mkwaju. Halikuwa jina la mkoa wenye mkuu wa mkoa.

Kwa hiyo nikabidi nijifunze majina yaliyokufa. Tanganyika Territory. Ufipa. Karema, ambayo wengine waliiandika Kalema. Na ugonjwa nao ulikuwa na majina yake: mara ugonjwa wa usingizi, mara jina refu la kitaalamu linalotokana na kijidudu chake, tripanosoma. Isitoshe, kurasa hizi za zamani zimepigwa picha, kisha kompyuta ikaachiwa izisome herufi yenyewe. Pale wino ulipofifia inasoma vingine kabisa. Jina la kijiji likipoteza herufi moja, limepotea.

Nikakuambia siri, ewe kijana mwenzangu unayetaka kuandika mambo ya kale: ukitafuta kwa jina la leo unapata mambo ya leo. Waulize kwanza wazee palikuwa panaitwaje.

MLANGO WA BURE NA MLANGO WA KULIPIA

Majina yalipokaa sawa, milango ikaanza kufunguka, ingawa si yote. Jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, matoleo yake ya tangu mwaka 1840 yamewekwa mtandaoni, na mtu wa Mpanda anayasoma bure sawasawa na mtu wa London. Siku ile nilikesha. Kurasa nilizozifungua mimi nikiwa nimeketi kwenye ndoo nje ya duka la kuchajia simu, zamani zingehitaji meli na barua ya utambulisho.

Lakini majarida yaliyoyazungumzia magonjwa yetu kwa undani mengi yako nyuma ya kufuli. Liko Annals of Tropical Medicine and Parasitology, lililoanzishwa Liverpool mwaka 1907. Yako ya chama cha madaktari wa tropiki cha London. Liko la hapa kwetu Afrika Mashariki, East African Medical Journal, lililoanza mwaka 1923 likiitwa Kenya Medical Journal. Nilikutana na makala ya mwaka 1929, mwandishi wake amezikwa zamani, lakini bei ya kuyafungua ilikuwa zaidi ya dola thelathini. Nikapiga hesabu. Hiyo ni kodi ya chumba changu, na chenji kidogo ya dagaa.

Nikasikia uko mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao HINARI, ulioanza mwaka 2002, unaozifungulia nchi maskini majarida ya afya bure au kwa bei ya chini. Nikaruka kwa furaha. Kumbe mlango huo umefunguliwa kwa taasisi: chuo, hospitali, wizara. Mimi si taasisi. Mimi ni kijana mwenye daftari. Basi yule mshikaji wangu akamwomba mtu anayesoma chuo cha afya, naye akayasoma yale makala na kunieleza, jioni moja baada ya nyingine, kwa malipo ya chipsi mayai. Hivyo ndivyo utafiti wa enzi ya dijiti unavyokwenda huku kwetu: nusu intaneti, nusu undugu.

YALE WALIYOYAJUA MADAKTARI

Sasa nikuambie kile kilichonikata maini. Majarida yale yalinionyesha kwamba mzungu wangu wa kofia sikumwelewa.

Malale haikuwa kisingizio. Kuanzia mwaka 1900 hadi 1920 hivi iliua watu zaidi ya laki mbili Uganda, hasa Busoga na visiwa vya Ziwa Viktoria. Mwaka 1903 kazi ya Aldo Castellani na David Bruce kule Entebbe ilidhihirisha kijidudu chenyewe na mbung'o anayekisambaza. Mwaka 1906 Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa visiwani Sese akiwachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa iliyotokana na sumu ya aseniki. Wengine walipata nafuu kwa muda, na wengine wakapofuka. Mwaka 1908 London ilifungua ofisi maalumu ya kukusanya kila kilichoandikwa juu ya ugonjwa huu. Huku kwetu, Wajerumani nao walishaanza kupambana nao kandokando ya Ziwa Tanganyika kabla ya vita ya 1914.

Halafu ukaja ndugu yake mkali zaidi. Mwaka 1910, Liverpool, J. W. W. Stephens na H. B. Fantham walieleza aina mpya ya kijidudu, kutoka katika damu ya mgonjwa aliyeambukizwa bonde la Luangwa, Zambia ya leo. Miaka miwili baadaye Kinghorn na Yorke walionyesha kule kule Luangwa kwamba anayekieneza ni mbung'o wa porini, na kwamba wanyama pori wanakaa nacho damuni mwao. Aina ile ya zamani inaweza kumtafuna mtu kwa miaka. Hii mpya huua kwa wiki au miezi: homa, kichwa, viungo, kisha akili inavurugika, mgonjwa analala mchana na kukesha usiku, mwisho halali wala haamki.

Hii ndiyo iliyozuka Maswa mwaka 1922, na miaka iliyofuata ikaonekana sehemu nyingi za magharibi, nchi ya miombo, nchi yetu. Serikali ya Mwingereza ikampa kazi daktari George Maclean. Hakuwa na dawa ya uhakika. Zilikuwepo Germanini na triparsamidi, lakini mgonjwa aliyechelewa mara nyingi alikuwa amekwisha. Melasoprol, dawa iliyoweza kumfikia mgonjwa aliyekwisha kuvurugika akili, ilikuja mwaka 1949, nayo yenyewe ni kali kiasi cha kuwaua baadhi ya wanaotibiwa. Basi Maclean akaona njia ni moja: wakusanyeni watu wanaoishi mbalimbali porini, wakae pamoja, wawe wengi kiasi cha kufyeka pori na kuliweka wazi. Mbung'o anapenda kivuli. Ukiondoa kichaka umemwondoa.

Ndivyo vilivyozaliwa vile vijiji vya malale katika miaka ya 1920 na 1930. Na ndivyo ukoo wa bibi ulivyohama.

Nilipofika hapo nilifunga simu, nikachana sura yangu ya kwanza. Nikajisemea moyoni: kumbe waliokolewa! Nikaanza kuandika upya, safari hii daktari akiwa shujaa. Bila shaka umeshaona, msomaji, kwamba nilitoka shimo moja nikaingia jingine.

YALE ALIYOYAJUA BIBI

Nilikwenda Inyonga kumsalimu bibi, na kusema kweli nilikwenda kumfundisha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huko mjini mnakula simu?"

Nikamweleza habari za kijidudu, mbung'o na kivuli. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza mahubiri. Nilipomaliza akasema, "Hayo kweli. Mama yangu alisema watu walikuwa wanakufa. Walipangwa mstari, wakachomwa vidole, damu ikapakwa kwenye kioo. Hakuna aliyebisha kwamba ugonjwa upo." Akanyamaza, kisha akaniuliza: "Na mizinga je? Vitabu vyako vinasemaje juu ya mizinga?"

"Mizinga gani, bibi?"

Ndipo akanieleza. Siku ya kuhama watu walibeba mbegu, kuku, watoto, majembe na vyungu. Mizinga ya nyuki hawakuweza kuibeba. Mzinga wa gome uko juu ya mti, nyuki wamo ndani, na msimu wa kurina ulikuwa haujafika. Babu yake bibi alikuwa na mizinga mingi, mingine siku mbili kwa miguu. Asali ilikuwa chakula, pombe ya sherehe, dawa, na mahari. Nta ilikuwa fedha ya kodi. Mizinga ikabaki juu ya miti.

"Sasa wewe mume wangu, mali yako iko porini, utalala?"

Babu yule alirudi. Alirudi msimu wa kwanza, na wa pili. Msimu wa tatu alirudi na homa, na hakumaliza mwaka.

Ndugu msomaji, hapo nilihisi baridi. Maana jambo lenyewe nilikuwa nimeshalisoma! Madaktari wa wakati ule waliona wazi kwamba aina hii ya malale huwapata zaidi wanaume wanaokaa porini: warina asali, wavuvi, wawindaji. Limo ndani ya majarida, limeandikwa kwa usahihi. Yule mrina asali wa majaridani ni babu yangu, au mwenzake. Lakini kule yeye ni "aina ya mgonjwa". Yaani mtu mwenye tabia ya hatari, ambaye hata ukimweka kijijini penye usalama anatoroka kurudi kwenye mbung'o. Bibi alinipa kitu ambacho sikukikuta katika ukurasa wowote niliousoma: mrina asali hakuwa anatoroka. Alikuwa anafuata mali yake.

Daktari alimjua nzi. Hakumjua mwenye mzinga. Na mtu akifa kwa kufuata mzinga ambao sheria imemtenganisha nao, je, ameuawa na nzi peke yake? Sina haki ya kumlaumu daktari kwa ugonjwa ambao hakuuleta. Wala sina haki ya kumsifu kama kwamba uhamisho ule ulikuwa sindano isiyouma. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na riwaya yangu ilikuwa inataka nichague moja tu kwa sababu ndivyo ilivyo rahisi kuandika. Ongeza na hili: sehemu nyingi zilizoachwa tupu magharibi mwa nchi baadaye zilitangazwa hifadhi za misitu na wanyama. Mtu aliyeambiwa hama kwa sababu ya nzi, wajukuu wake wakakuta pori lina lango.

MTU WA KAREMA

Baada ya hapo swali likawa jingine: je, katika kurasa zote hizo hakuna mganga hata mmoja Mwafrika aliyejiandika mwenyewe?

Yupo, tena alikuwa hapa hapa mkoani kwetu. Nenda Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako Wabelgiji walijenga kituo mwaka 1879 na kuwaachia Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, mwaka 1885. Hapo alifanya kazi Adrien Atiman. Alizaliwa miaka ya 1860 kandokando ya mto Niger, nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara akiwa mtumwa, mpaka wamisionari walipomkomboa huko Algeria. Wakampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa katekista na daktari, akaoa huku, mtoto wake akawa padri, na hakuondoka tena. Alitibu mpaka uzeeni, akafariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka sitini na saba. Alikuwepo kabla ya Wajerumani kukamata bara, akawaona wakiondoka, akawaona Waingereza wakija, na alipokufa TANU ilikuwa na umri wa miaka miwili.

Nilimtafuta katika majarida ya madaktari kwa siku nyingi bila mafanikio. Nilikuja kumwona kwenye jarida la historia na mambo ya nchi, Tanganyika Notes and Records, lililoanzishwa mwaka 1936. Mwaka 1946 jarida hilo lilichapa maisha yake kama alivyoyaeleza mwenyewe. Mwenyewe, ndugu zangu! Mtu aliyewahi kuuzwa sokoni anasema "mimi".

Tazama basi hali ilivyokuwa. Mtu alitibu wagonjwa wa nchi hii kuliko umri wa maofisa wengi walioiandikia ripoti, lakini alipochapwa hakuchapwa kwa sababu ya alichokijua juu ya homa na vidonda. Alichapwa kwa sababu ya maisha yake ya ajabu. Yeye mwenyewe akawa habari. Ndipo nikaelewa kwamba rafu ya maktaba nayo ina siasa yake: nani anawekwa kwenye rafu ya wanaojua, na nani kwenye rafu ya wanaosimulia. Na simu haiondoi siasa hiyo. Inaipiga picha tu na kuituma kwa kasi.

NENO LA MWISHO KWA WAANDISHI WENZANGU

Nimewasikia vijana wakisema siku hizi utafiti si kazi, kila kitu kiko mtandaoni. La hasha. Mtandaoni kuna kile kilichowahi kuandikwa, kikahifadhiwa, kikapigwa picha, na kisifungiwe kwa dola. Nje ya hapo kuna bahari. Ziko nyaraka za Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa na katika maktaba ya Chuo Kikuu upande wa Afrika Mashariki, ambazo bado zinataka uvae viatu uende. Na wako wazee, ambao hawana nakala.

Wala simaanishi tuyadharau majarida. Bila yale majarida nisingejua kwamba babu alikufa kwa kitu chenye jina, na ningemwuza bibi kwenye riwaya ya uongo. Leo wagonjwa wa malale Tanzania wamepungua sana, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wenye tiba ya vidonge mahali pa zile sindano za aseniki. Hayo yametoka kwa watu walioandika walichokiona, ukurasa kwa ukurasa, kwa zaidi ya miaka mia. Kuandika kwa usahihi ni kazi ya heshima. Ninachosema ni kwamba kila jarida uliweke karibu na mtu, ulisome kwa sauti, umwulize: je, ndivyo? Na kimebaki nini?

Bibi sasa masikio yamekuwa mazito. Safari ya mwisho nilimpigia kelele sikioni nimwulize kijiji cha kwanza kiliitwaje, kile cha porini, kabla ya kuhama. Aliniambia. Nikarudi Mpanda, nikalitafuta jina hilo kwa herufi zote ninazozijua, kwa tahajia ya Mjerumani na ya Mwingereza. Halimo. Si kwenye makala, si kwenye ripoti, si kwenye ramani yoyote niliyoweza kuifungua.

Sitaliandika hapa. Nimeliweka kuwa neno la kwanza la sura ya kwanza, ile niliyoianza upya mara ya tatu. Ndani yake kuna daktari aliyechoka anayesema kweli, kuna askari, kuna mstari wa watu wenye vidole vilivyochomwa. Na kuna mwanamume mmoja nyuma kabisa ya msafara, amebeba kuku wawili, kila baada ya hatua chache anageuka kutazama juu ya miti.